“Sorry”: pole, samahani au najuta?

Mgeni alijikwaa kwenye ngazi ya pili, ile iliyopasuka pembeni, na kahawa ikamruka mkononi. Mhudumu, kijana wa Kibosho niliyekuwa nimemfundisha Kiingereza kwa miezi minne, alimkimbilia na kitambaa huku akisema, “Sorry, sorry, sorry!” Yule mama wa Kizungu akajifuta, akamtazama, akamwambia kwa sauti ya taratibu, “It's not your fault.” Kijana akaduwaa na kitambaa chake. Jioni darasani akanyoosha mkono: “Mwalimu, mimi nimempa pole, yeye ananiambia si kosa langu. Kwani nani alisema ni kosa langu?”

Swali hilo hunirudia kila ninapoanza na darasa jipya. Wanafunzi wangu ni watu wa kazi: wahudumu wa meza, dada na kaka wa mapokezi, madereva wa safari, wagumu wanaopandisha mizigo mlimani na ambao siku moja wanataka kuongoza wageni wenyewe. Nilianzia Arusha, sasa nipo Moshi, na katika miji yote miwili sijakutana na neno la Kiingereza linalosemwa mara nyingi hivyo kwa siku na kueleweka vibaya hivyo.

Matamshi hayana shida. Shida ni hesabu. Pale ambapo Mwingereza ana neno moja, sisi tuna matatu. Pole ni kumwambia mtu kwamba nimeona yaliyokupata. Samahani ni kumwambia kwamba nimekukosea, au naelekea kukusumbua. Najuta ni kwamba natamani nisingefanya. Mwingereza anayatia yote matatu kwenye gunia la “sorry”, halafu anaiachia sauti, uso na maneno yanayofuata kazi ya kuonyesha ametoa lipi.

Asili ya maneno yenyewe inasaidia kuelewa. “Sorry” ilitokana na neno la Kiingereza cha kale, sārig, lililomaanisha mwenye maumivu au mwenye huzuni, na ni ndugu wa neno la leo la “sore”, yaani penye kidonda. Kwa hiyo lilianza kama neno la kuumia. Kukiri kosa kuliingia baadaye na kukaa humo humo. Sisi tulikwenda njia nyingine. Pole ni neno la nyumbani, lina ukoo na mpole, polepole, kupoa na kupoza. Ndiyo maana mtu akiambiwa pole anaweza kujibu, “Asante, nimeshapoa.” Samahani ilikuja na Kiarabu, pamoja na samehe na msamaha. Mawili haya hayajawahi kulala chumba kimoja.

Kwa hiyo wanafunzi wangu nawaambia hivi: kabla hujafungua mdomo, sikiliza jibu. Huyu mtu angekuwa Mswahili, angekujibu nini? Kama ni “asante” au “nimeshapoa”, ulilonalo moyoni ni pole. Kama ni “bila samahani”, “usijali” au “yameisha”, ulilonalo ni samahani. Mrudie sasa yule mama wa ngazini. Alipewa pole, akajibu jibu la samahani. Masikio yake yalitoa lile neno kwenye gunia na kuliweka upande mwingine.

Ukiwa na pole

Aliyejikwaa, aliyemwagikiwa, aliyegonga kichwa kwenye mlango wa gari: kwa mgeni kutoka Uingereza au Marekani, chagua “Are you all right?” kuliko “sorry”. Pole yako yote imo humo ndani. Ukitaka kuongeza hisia, “Oh no, are you hurt?” inatosha. Na uso wako ubaki ule ule unaotoa pole, kwa sababu uso hauhitaji tafsiri.

Hapa niseme jambo ambalo walimu wengine hawalisemi. Kumwambia “sorry” mtu aliyejikwaa si Kiingereza kibovu. Ndicho Kiingereza cha Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na ndicho cha Lagos na Accra pia. Wayoruba wana neno pẹ̀lẹ́, ambalo kwa sauti na kwa kazi linakaribia sana pole yetu, nao wakiingia kwenye Kiingereza hulimimina lote ndani ya “sorry”. Mgeni wako akiwa Mnigeria, sema “sorry” mara kumi, atakujibu asante. Unachagua neno kwa kuangalia sikio la anayesikia. Hakuna anayekuomba uone haya kwa desturi yako.

Lakini sikio la mgeni anayetoka mbali linaweza kukugharimu. Dereva mmoja niliyemfundisha Arusha alikuwa na wageni wawili Tarangire. Mmoja wao alifungua paa la gari apige picha, akashuka kwenda kula, paa likabaki wazi, mvua ikanyesha. Begi la kamera likalowa. Dereva aliyekuwa kivulini na chakula chake alikuja mbio, akaona lile begi, akasema kutoka moyoni, “I'm sorry, I'm so, so sorry.” Alirudia njia nzima hadi Makuyuni. Baada ya siku mbili bosi wake akapokea barua: dereva amekiri kwamba ni kosa lake. Yule kijana alikatwa fedha za safari nzima. Alikuwa ametoa pole kama alivyolelewa. Angesema, “What a pity about your bag, let me help you dry it,” angekuwa ametoa pole ile ile, na mkono wa msaada juu yake, pasipo neno hata moja la kusomwa vingine.

Kwa mgonjwa mambo ni mepesi. Mgeni ameamka na kichwa kinauma kwa sababu ya mwinuko: “I'm sorry you're not feeling well” inakubalika kabisa, kwa sababu baada ya “sorry” umemtaja yeye na hali yake, hukujitaja wewe na tendo lako. Hii ni alama ya kushika. “Sorry” inayofuatwa na hali ya mwenzako huelekea kuwa pole. Inayofuatwa na tendo langu huwa samahani. Nayo “ugua pole”, ambayo maana yake ni kuugua taratibu, kuugua bila kuumizwa sana, haina “sorry” hata kidogo. Sema “Get well soon” au “I hope you feel better soon”.

Mahali ambapo neno lao na letu yanakaa sawasawa ni kwenye msiba. “I'm so sorry for your loss” ni pole kamili, na ushahidi ni jibu lake: mfiwa anajibu “Thank you.” Hakuna Mwingereza mfiwa atakayekuambia si kosa lako. Nilipolionyesha hilo darasani, yule kijana wa Kibosho alipiga meza: “Kumbe wanayo!” Wanayo, ila wameiweka ndani ya neno linalofanya kazi nyingine pia.

Halafu kuna pole wasizonazo. Pole na kazi. Pole na safari. Pole na majukumu. Pole na foleni. Hizi usizitafsiri. Kijana anampokea mgeni kwenye uwanja wa ndege wa KIA saa tatu usiku na kumwambia, “Sorry for the journey.” Mgeni anajiuliza kama kuna jambo la safari ambalo hajaambiwa. Sema “How was your flight?” kisha “You must be tired.” Hayo ndiyo yanayoshika nafasi ya pole na safari kwao: swali, halafu kumtambua kwamba amechoka. Pole na kazi inakuwa “You're working hard”, au salamu tu. Mimi naona wamepungukiwa hapo. Kumwona mtu kazini na kumpa neno kwa sababu tu yupo kazini ni jambo zuri, na wageni wanaokaa muda mrefu hulijifunza wakalipenda.

Mlimani kuna mkanganyiko wa namna yake. Karibu kila mgeni wa Kilimanjaro hufika getini akiwa ameshajua maneno mawili, “pole pole”, kwa sababu ndiyo dawa ya kwanza ya mwinuko: nenda taratibu. Sasa yupo kwenye mawe ya Barranco, mguu unateleza, mgumu aliye nyuma yake anasema “Pole!” Mgeni anageuka kwa hasira na pumzi ya kuazima: “I am going slowly!” Mgumu anabaki hajui amekosa nini. Ninawaambia wanafunzi wa mlimani wawafundishe wageni tofauti siku ya kwanza kabisa, pale Machame au Marangu, wakati mapafu bado yana hewa: mara mbili ni mwendo, mara moja ni huruma, na jibu la huruma ni asante.

Mgeni anapochagua la kwetu

Njia ya kurudi ina mashimo yake, na humo ndimo nimeona maumivu ya kweli. Dada mmoja wa kujitolea alikuwa na sisi kwenye msiba Uru. Alikuwa amejifunza kwamba “sorry” ni samahani, kama programu ya simu ilivyomwonyesha. Akapanga mstari pamoja na sisi, akafika kwa mama aliyefiwa na mtoto wa kiume, akamshika mikono yote miwili, machozi yanamlenga, akasema: “Samahani sana, mama. Samahani sana.” Mama aliinua uso. Kina mama wa mkekani wakatazamana. Kwa sekunde chache nilihisi swali likizunguka ile hema: huyu binti alimfanyia nini marehemu? Shangazi wa nyumba ndiye aliyeokoa, akasema kwa sauti ya kusikika, “Anatupa pole, jamani. Asante, mwanangu.”

Kwa hiyo mgeni akikuuliza “sorry” ni nini kwa Kiswahili, usimpe neno moja. Muulize kwanza: umemkosea au ameumia?

Ukiwa na samahani

Samahani yetu nayo ina kazi zaidi ya moja, na hapa Kiingereza ndicho kinachogawa.

Unapotaka kumsimamisha mtu umuulize njia ya kwenda Mnara wa Saa, au unapomwita mtu aliyekupa mgongo, samahani hiyo ni “Excuse me”. Hakuna aliyekosewa bado. Unaomba nafasi tu. Mwingereza anaweza kusema “sorry” hapo, Mmarekani mara nyingi zaidi atasema “excuse me”, kwa hiyo hilo la pili ni salama kwa wote wawili. Unapopita katikati ya watu waliosimama na trei mkononi, ni hilo hilo. Ukishamgonga kiwiko, hapo kosa limetokea: “Sorry.” Fupi, mara moja, endelea na kazi. Usishangae Mwingereza akikutangulia kusema “sorry” ilhali wewe ndiye uliyemgonga. Ni adabu ya kwao, hajakiri kitu.

Hukusikia alichosema? Kwetu ni “samahani?”, au “abee?” kwa dada na “naam?” kwa kaka tuliolelewa kuitika. Kwao ni “Sorry?” na sauti ipande mwishoni. Sauti isipopanda, ameuliza kitu nawe unamwomba msamaha, na mazungumzo yanakufa hapo. Ninawarudisha wanafunzi kwenye sauti hii hadi wanachoka: “Sorry?” kama unapanda ngazi, “Sorry.” kama unashuka.

Umechelewa, umevunja kikombe, umeleta supu ya kuku kwa mtu asiyekula nyama: hii ni samahani kamili, na hapa ninataka wanafunzi waseme “I'm sorry” bila kujificha, kisha wataje kosa. “I'm sorry, I brought you the wrong soup.” Baada ya kisa cha begi la kamera baadhi yao walianza kuogopa neno hili hata pale lilipostahili, wakawa wanasema “There was a problem with the soup.” Hapana. Supu haikujileta mezani. Ukiwa umekosa, sema. Mgeni aliyesikia kosa likitajwa wazi hupoa haraka kuliko aliyezungushwa.

Vijineno vinavyofuata vinabeba uzito kuliko watu wanavyodhani. “Sorry to disturb you” unaisema ukiwa mlangoni, kabla au wakati wa kusumbua. “Sorry for disturbing you” unaisema unapotoka, usumbufu umeshatokea. “Sorry about” ni ya jambo lililopo ambalo huenda hukulisababisha: umeme umekatika, maji ya moto yamekwisha, muziki wa jirani. “Sorry about the power cut” ni maneno ya nyumba inayojali, na hakuna atakayedhani wewe ndiye uliyekata waya. “I'm sorry to hear that” ndiyo pole iliyo salama kuliko zote. Mtu amekusimulia shida, wewe umesikia, kosa halipo popote kwenye sentensi. Na moja ya kukimbia: “I feel sorry for you.” Hiyo ni “nakuonea huruma”, na mtu mzima aliyepoteza simu yake soko la Kilombero, Arusha, hataki kuonewa huruma. Anataka pole.

Kuna na “if”. Kwetu mtu anapoaga safari ndefu husema, “Kama kuna mahali nimekukwaza, nisamehe,” na hilo “kama” linapanua: hata lile nisilolijua naliombea msamaha. Kwa Kiingereza, “I'm sorry if I offended you” inapunguza. Msikiaji husikia: mimi sioni kosa, labda wewe ni mwepesi wa kukasirika. Sentensi ni ile ile, neno kwa neno, na maana zimepishana. Hii ndiyo sababu sipendi kuona mtu akitafsiri adabu. Ukijua umekosa, toa hilo “if”.

Yaliyo mazito zaidi

“I apologise” ni tendo rasmi, sawa na “naomba radhi” au “niwie radhi”. Halina upande wa pole hata kidogo. Ukimwambia mfiwa “I apologise”, umerudi kwenye msiba wa Uru. Lichague kwa barua, kwa mgeni aliyelalamika, kwa kosa la ofisi nzima. Kwa kikombe kilichovunjika ni zito mno.

“I regret” ni la maandishi. “We regret to inform you” ni “tunasikitika kukujulisha”, na wengi wetu tumewahi kuipokea baada ya kuomba kazi. Usiliseme mdomoni mezani. “I'm afraid” pia si hofu. “I'm afraid the kitchen is closed” ni “kwa bahati mbaya jiko limefungwa”, na kwa kukataa kwa adabu ninalipenda kuliko “sorry”, kwa sababu linabeba habari mbaya bila kujitwika kosa.

Na “You'll be sorry”? Hiyo ni “utajuta”. Ni kitisho. Huwezi kulitumia kwa mgeni hata kwa nia njema ya kumwonya asishuke kwenye gari mbugani. Mwambie “It's dangerous.”

Wakubwa nao huchagua

Mtu akidhani haya ni mambo ya wahudumu tu, atazame yaliyotokea tarehe 1 Aprili 2001, ndege ya upelelezi ya Marekani ilipogongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani Mchina, Wang Wei, alifariki. Wamarekani 24 walitua Hainan na kushikiliwa kwa siku 11. China ilitaka iombwe radhi. Marekani ilisema haikukosa. Kilichofungua mlango ni barua ya balozi Joseph Prueher yenye maneno “very sorry” mara mbili: kwa kifo cha rubani, na kwa kuingia anga ya China na kutua bila ruhusa ya mdomo. Beijing ikawaambia watu wake kwamba radhi imeombwa. Washington ikasema haijaomba. Gunia moja, na kila upande ukachomoa ulichohitaji. Kwa Kiswahili barua ile isingeandikika: mwandishi angelazimika kuchagua pole au samahani, na upande mmoja ungekataa kutia mkono.

Karibu na sisi zaidi ni ile wiki ya mwaka 2023. Tarehe 31 Oktoba, Mfalme Charles wa Uingereza alizungumza Nairobi kuhusu ukatili wa enzi ya ukoloni. Alitaja huzuni kubwa na majuto makubwa, akasema hakuna udhuru. Hakuomba msamaha. Kesho yake, tarehe 1 Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, mbele ya wazao wa waliouawa katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao. Weka kauli hizo mbili kwenye mizani yetu. Ya Nairobi ni pole nzito iliyochanganyika na majuto. Ya Songea ni samahani. Huku Moshi tuna sababu ya kuisikia tofauti hiyo: Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na familia yake imehangaika miaka mingi kutafuta fuvu lake. Kwa watu kama hao, neno lipi limesemwa si suala la sarufi.

Na Arusha kuna la tatu. Katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa katika jengo la mikutano la AICC, Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, alikiri makosa yake mwaka 1998. Majaji walipompa kifungo cha maisha mwezi Septemba waliandika kwamba, hata alipopewa nafasi ya kusema, hakuonyesha toba, wala majuto, wala huruma kwa waathirika. Waliyataja yote matatu. Alikuwa amekiri kosa, na bado hakuwa ametoa pole wala samahani. Kukiri ni mlango wa nne, na wengi huuchanganya na hiyo mingine.

Sheria za wenzetu zimelazimika kuvichana vitu hivi pia. Uingereza, sheria ya fidia ya 2006 inasema kuomba radhi peke yake hakuhesabiwi kuwa kukiri uzembe. Ontario, Kanada, wana sheria ya namna hiyo tangu 2009. California imevitenganisha waziwazi zaidi: maneno ya kumsikitikia aliyepata ajali hayawezi kutumika kama ushahidi kwamba umekiri dhima, lakini kauli ya “ni kosa langu” inaweza. Yaani wamekaa bungeni wakaandika sheria ya kutenganisha kile ambacho bibi yangu alikitenganisha kwa maneno mawili.

“Sori” ya mtaani

Sisi nasi tumeanza kulegea. “Sori” imeingia Kiswahili, na vijana wanaitumia kwa yote. Kwa kukanyagana kwenye hiace sina neno, ni nyepesi na inatosha. Shida ni pale mtu anapoitumia, au anapotumia pole, kukwepa samahani. Kilombero niliona bodaboda akipita kwenye dimbwi na kummwagia mama muuza ndizi tope kuanzia khanga hadi kwenye mkungu. Akageuza kichwa bila kusimama: “Pole, mama!” Mama hakujibu asante. Alisema kwa nguvu mpaka wauza nyanya wakageuka: “Pole ya nani? Aliyenimwagia ni nani? Simama useme samahani!” Kijana alisimama, kwa sifa yake. Akashuka, akasema, “Samahani, mama, sikuliona,” akachota maji kwenye ndoo ya jirani wakaosha mkungu pamoja.

Angesema “sorry” kwa Kiingereza, angepita nayo.

Kwa kosa kubwa zaidi Wachaga hawaachii mdomo peke yake. Aliyekosa huchukua jani la isale, lile refu la kijani linalopandwa mipakani mwa vihamba, yaani mashamba ya ukoo, akalifunga fundo, akaenda nalo au akamtuma mtu mzima anayeheshimika kwa yule aliyemkosea. Jani likishafika ni vigumu mno kukataa kusamehe. Wageni hunionyesha masale barabarani na kuniuliza ni maua gani yale. Nikiwaeleza, wengine huuliza: “So it means sorry?” Huwa nawajibu ndiyo, lakini upande mmoja tu wa “sorry”. Anayekwenda msibani halibebi, hubeba rambirambi. Jani hubebwa na mwenye kosa.